Kati ya Ibara ya 15 na Ibara ya 17: Historia ya Nahau za Fedha, Biashara na Kazi katika Kiswahili cha Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya nahau za fedha, biashara na kazi zinazokutana katika Kiswahili cha kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, na cha jiji la Lilongwe nchini Malawi. Nahau hizo zimetoka pande nne: Kiswahili cha pwani na Tanzania, lugha za mashariki ya Kongo na Maziwa Makuu, Chichewa, na Kiingereza cha mafunzo ya ujasiriamali. Hoja kuu ni kwamba nahau ya kiuchumi hubeba ndani yake dhana ya haki: nani anaruhusiwa kuajiriwa, kumiliki, kukopa na kusafiri. Nahau za Kiingereza zinapotafsiriwa neno kwa neno kwa ajili ya watu wasio na haki hizo, hupotea njiani au huzaa maana nyingine, na hasara ya upotovu huo humwangukia mkopaji. Makala inamalizia kwa mapendekezo manne kwa watunga sera, wakufunzi na wanaistilahi.

1.0 Utangulizi

Dzaleka iko umbali wa kilomita zipatazo 45 kaskazini ya Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi, mahali hapo palikuwa gereza lililohifadhi wafungwa wa kisiasa wa utawala wa Hastings Kamuzu Banda. Jina lenyewe limetokana na kitenzi cha Chichewa chenye maana ya kuacha, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa kauli ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa: sitarudia tena. Mwaka 1994 gereza hilo la zamani lilifanywa kambi ya wakimbizi waliotoka Rwanda, Burundi na nchi ambayo wakati huo ikiitwa Zaire. Kambi iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 ilikuwa na zaidi ya watu 50,000 ilipofika mwaka 2023, wengi wao wakiwa Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda.

Watu hao wanazungumza Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe, Kifuliiru, Lingala, Kifaransa na lugha nyinginezo, lakini lugha inayowaunganisha sokoni, kanisani na barazani ni Kiswahili. Tamasha maarufu la kambi hiyo, lililoanzishwa mwaka 2014 na msanii mzaliwa wa Kongo, Menes La Plume, linaitwa Tumaini, na wageni wanaotoka Lilongwe hulitamka jina hilo bila kuhitaji tafsiri.

Uchunguzi wa Kiswahili cha uhamishoni umezoea kuangalia matamshi, uchanganyaji wa ndimi na utambulisho. Uwanja wa fedha na kazi umepewa nafasi ndogo, ingawa ndimo maneno yanamogusa tumbo la msemaji. Makala hii inajikita katika uwanja huo kwa kutumia historia ya maneno, historia ya sarafu na maandishi ya sheria. Haidai kuwa kila nahau inayojadiliwa hapa inatumiwa na kila mkazi wa Dzaleka. Inachoeleza ni akiba ya lugha ambayo makundi haya yamekuja nayo au yameikuta, na kinachotokea akiba hizo zinapokutana chini ya sheria moja.

2.0 Kiswahili nchini Malawi kabla ya Dzaleka

Kiswahili hakikuanzia kambini katika nchi hii. Kufikia katikati ya karne ya 19, Jumbe wa Nkhotakota alikuwa ameweka makao ya biashara kando ya Ziwa Nyasa yaliyofungamana na Kilwa na Zanzibar. Machifu wa Kiyao wa kusini ya ziwa, akiwamo Makanjira na Mponda, waliandikiana barua kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Kaskazini, katika Karonga, mfanyabiashara Mlozi alipigana na kampuni ya Waingereza na hatimaye na utawala wao hadi aliponyongwa mwaka 1895. Hivyo Kiswahili kiliingia katika kumbukumbu ya Malawi kikiwa lugha ya biashara, na biashara hiyo ilihusu pembe za ndovu na pia binadamu. Kumbukumbu hiyo haikukijengea sifa njema.

Mwaka 1968 Chichewa kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, na Kiingereza kikabaki lugha ya serikali. Kiswahili kiliendelea kuishi katika njia za mizigo. Malawi haina bahari, na sehemu ya bidhaa zake hupitia bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Songwe. Wafanyabiashara wa Lilongwe wanaonunua nguo na vipuri Kariakoo hujifunza kwanza Kiswahili cha bei, cha jumla na rejareja, na cha kupunguziwa. Mkimbizi aliyeingia kupitia Karonga, mara nyingi baada ya kuvuka Tanzania, alifuata barabara ileile. Kwa hiyo Kiswahili cha biashara cha Lilongwe kina wasemaji wa aina mbili wanaokutana dukani: Mmalawi aliyekipata safarini na mkimbizi aliyekuja nacho.

3.0 Majina ya fedha kama kumbukumbu

Majina ya fedha katika Kiswahili ni daftari la tawala zilizopita. Pesa ni paisa ya Bahari ya Hindi. Hela ni heller ya Wajerumani, iliyoanza kutumika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904. Shilingi na mapeni ni ya Waingereza. Kwa Mkongo wa Kivu, fedha ni franga, na kwa Mrundi na Mnyarwanda ni amafaranga. Yote hayo ni urithi wa faranga ya Wabelgiji. Mkongo huyohuyo husema pia makuta, sarafu ndogo ya zaire iliyoanzishwa mwaka 1967. Sarafu yenyewe imekwisha kutoweka, lakini jina lake limebaki likimaanisha fedha kwa jumla.

Wageni hawa walikuta Malawi sarafu ambayo sikio la Mswahili linaweza kuifahamu bila kamusi. Kwacha, iliyochukua nafasi ya pauni mwaka 1971, ni kauli ya Chichewa inayotangaza kwamba kumekucha. Mzizi wake ndio uleule wa kucha na kukicha. Sehemu yake ndogo, tambala, ni jogoo. Taifa changa lilichagua kuhesabu mali yake kwa lugha ya alfajiri. Vilevile Chichewa huita utajiri chuma, neno ambalo Mswahili analisikia ndani ya kuchuma na uchumi. Lakini ujamaa wa lugha una mitego yake. Mtengo ni mti na pia ni bei. Mpamba, ambalo Mswahili angedhani ni mmea wa pamba, ni mtaji. Na ndilo jina lililopewa huduma ya fedha kwa simu ya kampuni ya TNM, kama vile Kenya ilivyoiita yake M-Pesa.

Chini ya majina hayo kuna historia ya thamani kuyeyuka. Desemba 1979 serikali ya Zaire iliondoa ghafla noti za zaire 5 na 10 katika mzunguko, na waliokuwa wameweka fedha nyumbani wakabaki na karatasi. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 faranga ya Kongo ilirudi kwa kiwango cha zaire mpya 100,000. Mtu mzima aliyetoka Uvira au Bukavu alikuwa ameshuhudia sarafu tatu zikifa au zikizaliwa upya kabla ya kushika kwacha. Kwacha nayo ilishushwa thamani Mei 2012, ikashushwa tena Mei 2022, na Novemba 2023 ikashushwa kwa asilimia 44, kutoka takriban kwacha 1,180 kwa dola hadi 1,700.

Methali ya Kiswahili husema akiba haiozi. Ilizaliwa katika mazingira ambamo akiba ilikuwa nafaka, mifugo au fedha ya madini. Kwa mwenye kwacha za karatasi katika Novemba ile, akiba ilioza kwa usiku mmoja. Mkufunzi anayehimiza kuweka akiba kwa methali hii anapaswa kujua kwamba msikilizaji wake ana ushahidi wa kinyume chake, tena kutoka nchi mbili.

4.0 Ibara mbili

Miongoni mwa misemo yote ya kiuchumi ambayo Wakongo wamesafiri nayo, hakuna unaojulikana zaidi kuliko Ibara ya 15. Ibara hiyo haimo katika katiba yoyote kwa maana inayokusudiwa. Inasimuliwa kwamba asili yake ni jimbo la Kasai Kusini, lililojitenga mwaka 1960 chini ya Albert Kalonji. Waluba waliofukuzwa sehemu nyingine za Kongo walijaa Bakwanga wakaomba msaada wa serikali, nao wakajibiwa kwamba sasa wako kwao, wajitafutie wenyewe. Jibu hilo likapachikwa kwenye katiba ya jimbo kwa mzaha, kana kwamba ndilo ibara yake ya 15. Katika miaka ya Mobutu mzaha ule ukawa falsafa ya maisha ya nchi nzima. Lingala ikauongezea mwenzake, kobeta libanga, yaani kuvunja jiwe, kwa maana ya kuhangaikia riziki. Pépé Kallé aliiunganisha misemo hiyo miwili katika jina la wimbo mmoja.

Simulizi hilo, liwe kweli tupu au liwe limepambwa, lina jambo la kuzingatiwa: msemo mkuu wa Kikongo kuhusu kujitafutia riziki unasimuliwa kuwa ulizaliwa kambini, kama jibu la mtawala kwa wakimbizi. Uliporudi kambini Dzaleka, ulikuwa umerudi kwao.

Huko ulikuta ibara nyingine. Malawi ilijiunga na Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu Hali ya Wakimbizi mwezi Desemba 1987, wakati ilipokuwa ikiwapokea Wasumbiji waliokimbia vita, ambao idadi yao baadaye ilipita milioni moja. Ilijiunga kwa masharti. Ibara ya 17, inayohusu ajira ya mshahara, ni miongoni mwa zile ambazo serikali ilieleza kuwa haitafungwa nazo kikamilifu. Ibara zinazohusu mali, taaluma za kujitegemea, elimu ya umma na sheria za kazi ilizichukulia kuwa mapendekezo tu. Kuhusu Ibara ya 26, ya uhuru wa kwenda, ilijiwekea haki ya kupanga mahali pa kuishi wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1989 ilifuata, na sera ya kuwaweka kambini ikasimama juu ya msingi huo.

Hivyo mkimbizi wa Kikongo anaishi kati ya ibara mbili. Ile ya mzaha inamwambia ajitafutie. Ile ya mkataba, kwa namna ilivyowekewa masharti, inamnyima mahali pa kutafutia. Nahau zote zinazojadiliwa katika sehemu zinazofuata zinasikika katika nafasi hiyo finyu.

Kuna neno la tatu linalozidi kuifinya, nalo ni kujitegemea. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hili lilihusu taifa na kijiji: watu wenye ardhi, mikono na siasa yao. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walilikuta katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, ambako walipewa ardhi ya kulima. Mkataba wa Kimataifa wa Pamoja kuhusu Wakimbizi wa mwaka 2018 umeweka kujitegemea kwa wakimbizi kuwa mojawapo ya malengo yake manne. Neno ni lilelile, lakini masharti yake yamebadilika. Mishamo kujitegemea kulitanguliwa na shamba. Dzaleka, eneo la mraba mdogo lililojaa nyumba, kunatanguliwa na semina.

5.0 Kikaratasi cha kazi

Nahau za Kiswahili kuhusu kazi zimejengwa juu ya karatasi kwa muda mrefu kuliko tunavyokumbuka kwa kawaida. Kibarua ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, Zanzibar na Mombasa katika karne ya 19, kuthibitisha kwamba amefanya kazi na anastahili kulipwa. Kikaratasi kikageuka kuwa kazi, kisha mfanyakazi mwenyewe akaitwa kwa jina la kikaratasi. Kipande cha Kenya ya kikoloni kilifanya kazi ya kinyume. Hicho hakikuthibitisha ujira. Kilidhibiti mwendo wa Mwafrika kutoka shamba moja hadi jingine. Mshahara umetokana na neno la Kiarabu la mwezi, na unamtaka mtu awe na uhakika wa kuwapo mahali pamoja hadi mwezi uandame.

Anayepoteza kazi husemwa amemwaga unga, au amepigwa kalamu, au kibarua chake kimeota nyasi. Nahau ya mwisho inastahili kuangaliwa, kwa sababu inachukulia kwamba kulikuwa na uwanja uliosafishwa kwanza. Kwa asiyeruhusiwa kuajiriwa, nyasi hazikuota, hazikuwahi kufyekwa. Ndiyo maana nahau zinazomfaa zaidi ni zile zisizotaja mwajiri wala mwezi: kubangaiza, kuganga njaa, kutafuta maisha. Chichewa kinaongezea ganyu, kazi ya muda mfupi inayolipwa kwa kipande, neno ambalo wanaisimu hulihusisha na neno la Kireno la kupata au kuchuma. Ganyu na kibarua hukaribiana sana, lakini hazilingani. Ganyu ina historia ya kijiji, ambamo maskini humlimia jirani ili apate mahindi kabla ya mavuno, na hubeba adabu ya ujirani. Mkimbizi anayekwenda kufanya ganyu katika mashamba ya Dowa huingia katika uhusiano huo akiwa mgeni, bila ukoo unaomdhamini.

6.0 Nahau za Kiingereza katika lugha ya mafunzo

Tangu mwaka 2010, Dzaleka ilipochaguliwa pamoja na Kakuma kuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya elimu ya juu kwa njia ya mtandao iliyoratibiwa na Wajesuiti, Kiingereza kimekuwa lugha ya matumaini ya kazi kambini. Pamoja nacho yamekuja mafunzo ya biashara. Nahau zinazoambatana na mafunzo ya aina hiyo popote duniani zina historia zake. Kuwa 'katika wekundu' kumetokana na wino uliotumika kuandika hasara katika vitabu vya hesabu. 'Muda ni pesa' ilienezwa na Benjamin Franklin mwaka 1748 katika nasaha zake kwa kijana wa biashara. 'Ng'ombe wa pesa' ilipata umaarufu kupitia jedwali la kampuni ya ushauri ya Boston mnamo mwaka 1970. 'Dari la kioo' lilianza kusikika mwaka 1978 katika mijadala ya wanawake wa ofisini Marekani. Zote zimetoka katika ofisi, daftari na soko la ajira lililo wazi kisheria. Inafaa kuangalia nne kati ya nahau za mafunzo hayo.

Ya kwanza ni ngazi ya kazi. Kiswahili hakina shida na picha yenyewe, kwa kuwa mtu hupanda cheo, na cheo kwa asili ni kipimo. Shida ni ukuta wa kuegemeza ngazi. Dari la kioo huonekana na aliyekwisha kuingia jengoni. Anayezuiwa mlangoni na ibara ya sheria hahitaji nahau ya kioo, maana kizuizi chake kimechapishwa.

Ya pili ni ng'ombe wa pesa. Katika jedwali la washauri, huyo ni bidhaa inayokamuliwa bila kulishwa sana ili fedha yake iendeshe bidhaa nyingine. Kwa watu wa Rwanda, Burundi na sehemu za Kivu, ng'ombe ni uhusiano. Ametolewa mahari, ameunganisha koo, na katika mfumo wa ubuhake, uliofutwa Rwanda mwaka 1954, alimfunga mpokeaji kwa mtoaji kwa utumishi. Kumwambia Mnyarwanda mzee akamue ng'ombe asimlishe ni kumwambia jambo la aibu, na kumwambia kwamba amepewa ng'ombe na shirika ni kumwuliza, bila kukusudia, sasa yeye ni mtumishi wa nani.

Ya tatu ni kile ambacho Kiingereza huita 'break even'. Tafsiri ya neno kwa neno, 'kuvunja sawa', haina maana katika Kiswahili chochote. Lugha ina kurudisha mtaji, na kwa hatua iliyo chini yake ina kula mtaji, nahau sahihi kuliko wino mwekundu, kwa sababu inaeleza pia sababu ya hasara: nyumba imekula kilichokuwa cha duka. Mwenye genge Dzaleka anayewapa wanawe mchele wa kuuzia hahitaji kufundishwa dhana hiyo. Anahitaji daftari, na methali ya daftari anayo: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ya nne ndiyo yenye madhara zaidi: pesa ya mbegu. Kiingereza hutumia nahau hiyo kwa fedha ya kuanzia, bila kujali kama ni zawadi, mkopo au hisa. Katika jamii za wakulima, mbegu ina kanuni zake. Hailiwi. Aliyepewa na jirani hurudisha kutoka katika mavuno; aliyepewa na serikali au shirika wakati wa njaa kwa kawaida harudishi kitu. Basi fedha inapoitwa mbegu bila ufafanuzi, mpokeaji anaweza kuielewa kwa haki kabisa kuwa ruzuku, na mtoaji akamwona mdaiwa sugu. Kiswahili kina maneno yanayotenganisha: ruzuku haina marejesho, mkopo una tarehe, deni lina uso wa mtu, na riba ina kiasi. Chichewa kina ngongole kwa deni, na kina katapila kwa mkopo wa riba ya kuumiza, neno lenye sauti ya trekta lile linalosukuma kila kilicho mbele yake. Methali yetu imekwisha kutoa onyo: kukopa harusi, kulipa matanga. Hati ya mkopo isiyochagua kati ya maneno haya inamwacha msomaji asiyejua Kiingereza aichagulie maana mwenyewe, na siku ya matanga yeye ndiye atakayelipa.

Haifai kuhitimisha kwamba kila kilichotoka Kiingereza hakifai. Neno VICOBA lilianza Tanzania kama kifupisho cha Kiingereza cha benki za jamii za vijijini. Wasemaji walisikia ndani yake kiambishi cha wingi vi-, wakatoa umoja, kikoba, ambacho tayari kilikuwa mfuko mdogo. Leo neno lina sarufi, picha na maana. Malawi ilifika palepale kwa njia nyingine: vikundi vya aina hiyo huitwa banki mkhonde, yaani benki ya barazani. Mnyarwanda ana ikimina, Mkongo ana likelemba, Mtanzania ana upatu. Wanawake watano wa Dzaleka wanaoketi mkekani kuchangishana wanaweza kuwa na majina matano ya jambo moja, na hakuna anayehitaji kuelezwa jambo lenyewe. Hata ujasiriamali, neno la miaka ya soko huria, limetungwa kwa busara. Palipotakiwa tafsiri ya mtu anayeanzisha shughuli, Kiswahili kiliweka ujasiri mbele ya mali. Mahali ambapo kufungua duka ni kuvunja amri, mpangilio huo wa maneno ni sahihi kuliko ule wa asili.

7.0 Jogoo la shamba

Methali husema jogoo la shamba haliwiki mjini. Katika Malawi methali hii ina historia ya kisheria. Katika miaka ya 1970 serikali ya Banda iliwaondoa wafanyabiashara wenye asili ya Asia katika vituo vya vijijini na kuwabana katika miji michache mikubwa. Mwaka 2012 wazo hilo lilirudi katika sheria ya leseni za biashara: wasio raia wasifanye biashara vijijini, wabaki katika majiji. Hoja yake ilikuwa kumlinda mchuuzi Mmalawi, na si hoja ya kupuuzwa katika nchi ambayo mtaji wa wananchi wake wengi ni mdogo mno.

Lakini ukiziweka pamoja sera mbili, hesabu haifungi. Kama mgeni, mkimbizi anatakiwa afanyie biashara mjini. Kama mkimbizi, anatakiwa akae Dowa, ambako ni shamba. Jogoo huyu amekatazwa kuwika mjini kwa sheria ya wakimbizi na amekatazwa kuwika shamba kwa sheria ya biashara. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi aliwika kote kuwili. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda walifungua maduka ya vyakula na bidhaa ndogondogo katika mitaa ya Lilongwe, nao Wamalawi wa vijiji vinavyopakana na kambi hununua na kuuza katika soko la Dzaleka.

Machi 2021 serikali iliamuru wakimbizi wote warudi kambini. Mahakama ikasimamisha utekelezaji. Machi 2023 amri ilitolewa upya, na Mei 2023 polisi walianza kuwakusanya watu na kufunga maduka Lilongwe. Mtu aliyelala akiwa na duka aliamkia Dzaleka akiwa hana. Nahau ya kula mtaji haikutosha tena, kwa kuwa mtaji haukuliwa na mwenyewe.

Miezi miwili baadaye, Julai 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mgeni katika sherehe za uhuru wa Malawi, na nchi mbili zikatangaza nia ya kukifundisha Kiswahili katika shule za Malawi. Kiswahili kilikwisha kufanywa lugha rasmi ya nne ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika mwaka 2019. Mwaka ule mmoja, basi, lugha ilikaribishwa darasani wakati wasemaji wake wengi zaidi nchini walikuwa wakiondolewa mjini. Walimu, wakalimani na wauzaji ambao nia ile ya Julai ingewahitaji walikuwa kilomita 45 tu, upande wa pili wa Ibara ya 17.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba nahau za fedha na kazi huhifadhi masharti ya mahali zilikozaliwa. Kibarua kinakumbuka kikaratasi, hela inakumbuka Mjerumani, Ibara ya 15 inakumbuka Bakwanga, na ngazi ya kazi inakumbuka ofisi yenye mlango wazi. Kuzihamisha bila kuangalia masharti hayo ni kuhamisha nusu ya maana.

Kutokana na hayo, makala inapendekeza mambo manne. Kwanza, hati zote za mikopo na ruzuku zinazotolewa kwa wakimbizi wa Dzaleka ziandikwe pia kwa Kiswahili, na kila fedha inayotolewa itajwe waziwazi kuwa ruzuku, mkopo au hisa, bila nahau. Pili, iandaliwe orodha ya istilahi za fedha inayolinganisha Kiswahili sanifu, Kiswahili cha Kongo na Chichewa, ikitenganisha jozi zenye mtego kama vile mpamba na mtaji, au ganyu na kibarua. Kazi hiyo inaweza kufanywa na vyuo vya Malawi na Tanzania kwa kuwashirikisha wakimbizi wenyewe. Tatu, nahau za Kiingereza zifundishwe, kwa sababu anayetafuta kazi kwa njia ya mtandao atakutana nazo, lakini zifundishwe pamoja na asili yake, na zisitumiwe kama nyenzo ya kufundishia dhana ambazo Kiswahili kinazo tayari. Nne, mpango wowote wa kuanzisha Kiswahili katika shule za Malawi uanze kwa kuhesabu walimu waliopo Dzaleka, na uende pamoja na kibali cha kazi kwa ajili yao. Kibali cha namna hiyo hakihitaji kusubiri mageuzi ya sera nzima ya wakimbizi, kwani masharti ya mwaka 1987 yaliiacha serikali na uhuru wa kutoa nafasi za ajira pale inapoona zinafaa.

Pendekezo la nne ndilo linalozipima nahau zote zilizotangulia. Mwalimu wa Kiswahili anayetoka Dzaleka asubuhi kwenda kufundisha Lilongwe, mwenye kikaratasi halali mfukoni na mshahara mwisho wa mwezi, atakuwa mtu wa kwanza katika historia hii ambaye kwake kwacha inamaanisha kile jina lake linachosema.